Seva Ikilala Nyamiaga: Shilingi ya Kwanza Iende Wapi?

Saa mbili asubuhi, siku ya gulio, wateja wamejaa kwenye kaunta ya duka la jumla. Mmoja anataka mifuko kumi ya saruji, mwingine katoni za sabuni, na kirikuu kiko nje kinasubiri kupakia. Kijana wa mauzo anabonyeza, skrini inamjibu kwamba kanzidata haipatikani. Anazima, anawasha. Mfumo unarudi kwa dakika kumi, kisha unalala tena. Tajiri anampigia fundi wake aliyeko Kahama: "Fundi, mfumo umegoma." Na fundi, bila kuona chochote, anajibu: "Bosi, hiyo seva imechoka. Tafuta nyingine." Basi milioni mbili zinaanza kutafutwa.

Huenda fundi amepatia. Lakini sababu za kawaida za kanzidata kuanguka zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na baadhi yake hutibiwa bila kununua hata waya. Makala haya yanalinganisha njia za kuzitibu na gharama zake kwa mwenye duka, famasi, shule au chama cha akiba na mikopo pale Nyamiaga, Ngara, mtu asiye na kitengo cha teknolojia bali ana kompyuta moja kwenye kona na biashara nzima ndani yake.

Kipimo cha kulinganisha si bei ya dukani peke yake. Mwanza mjini diski ikifa asubuhi, mchana unafunga nyingine. Nyamiaga diski inaagizwa, inapakiwa kwenye basi, inapita Geita na Biharamulo, na ukiipata kesho yake umshukuru Mungu. Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 19, 2025, limetuondolea foleni ya kivuko, ila halijaifanya Mwanza kuwa jirani. Kwa hiyo kila kifaa huku kina bei mbili: ya kununulia na ya kusubiria. Kama faida yako ni Sh 60,000 kwa siku, siku tatu za kulala ni Sh 180,000. Andika faida ya siku moja ya duka lako kwenye karatasi kabla ya kuendelea, maana ndiyo utakayopimia kila bei inayofuata.

SOMA KWANZA, KISHA NUNUA

Kila kanzidata ina daftari lake la matukio. Mafundi wanaliita logi. Fundi anayekushauri kununua seva kabla ya kulifungua ni sawa na mganga anayetoa dawa kwa simu. Mwambie akusomee mistari ya mwisho kabla ya kuanguka. Atakuta moja ya haya.

Logi imekatika ghafla. Kanzidata inayozimwa kwa utaratibu huaga. MySQL, kwa mfano, huandika "Shutdown complete". Kama neno hilo halipo, na mstari unaofuata ni wa kuwaka upya na kujiponya, basi mara nyingi umeme ulikatika au mtu alichomoa waya. Kwenye Windows, tukio namba 41 la Kernel-Power linaonyesha kwamba mashine ilizimika bila utaratibu. Dawa yake ni UPS, yaani betri ya dharura, si seva mpya.

Kumbukumbu imejaa. Kwenye Linux utaona "Out of memory", kisha jina la kanzidata kwenye orodha ya programu zilizouawa. Mfumo ukikosa RAM huchagua mlaji mkubwa na kumtoa roho. MySQL ya kawaida hutenga MB 128 tu kwa ajili ya kuhifadhi data inayotumika sana (mpangilio wa innodb_buffer_pool_size), lakini mafundi hupenda kuipandisha hadi asilimia 70 au 80 ya RAM yote. Kanuni hiyo inafaa mashine ambayo haina kazi nyingine. Mashine ya duka inachapa risiti, inafungua barua pepe, na jioni inaonyesha mpira. Kushusha namba hiyo ni kazi ya dakika tano, na haigharimu kitu. Ikishindikana, ongeza RAM ya GB 8. Tenga Sh 70,000 hadi 100,000.

Diski imejaa. Maneno yenyewe ni "No space left on device". Tangu toleo la 8.0, MySQL huweka daftari la kila badiliko kwa siku 30 bila kuombwa, na kwenye diski ndogo daftari hilo hula nafasi kimyakimya. Fundi anaweza kulipunguza liwe la siku 7, bure. Sharti moja: alifute kwa amri ya kanzidata yenyewe (PURGE BINARY LOGS), asiingie kwenye folda na kufuta mafaili kwa mkono.

Programu imefika kikomo. Programu nyingi za mauzo na uhasibu hukaa juu ya SQL Server Express, ambayo ni ya bure. Hadi toleo la 2022, kila kanzidata ndani yake haiwezi kuzidi GB 10, hata kama diski yako ina nafasi ya mara mia. Siku inapofika hapo, mauzo mapya yanakataa kuhifadhiwa, na mwenye duka anaamini mashine imekufa. Toleo la 2025 limepandisha kikomo hadi GB 50. Njia nyingine ni kuhamishia miaka ya zamani kwenye kanzidata ya kumbukumbu. Zote mbili hugharimu saa za fundi tu.

Diski inakufa. Hapa logi inalalamika kuhusu kusoma na kuandika, na kurasa za data zinaonekana kuharibika. Programu ya bure kama CrystalDiskInfo itakuonyesha hali ya diski kwa rangi. Ikiwa njano au nyekundu, usihesabu tena gharama: nakili data leo, agiza diski leo. Hii ndiyo hali pekee kati ya tano ambapo kuchelewa siku moja kunaweza kukugharimu miaka yote ya mauzo na madeni.

Onyo kwa hali zote: kabla fundi hajaanza kutengeneza chochote, anakili folda nzima ya data pembeni. MySQL ina njia ya kulazimisha kuwaka, innodb_force_recovery, yenye ngazi 1 hadi 6. Kuanzia ngazi ya 4 inaweza kuharibu data moja kwa moja. Fundi anayeruka hadi 6 ili aondoke mapema anakuachia mfumo unaowaka na hesabu zisizoaminika.

UMEME: UPS, BETRI KUBWA AU LAPTOPU?

Wilaya ya Ngara ndiyo yenye maporomoko ya Rusumo, mpakani na Rwanda, ambako mto Kagera unazungusha mitambo ya megawati 80 inayogawiwa sawa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi. Wanaokumbuka miaka ya jenereta za dizeli wanajua tumetoka wapi. Hata hivyo seva haijali megawati za Rusumo. Inajali nguzo ya mwisho kabla ya duka lako, matawi ya miti yanayogusa waya na radi ya msimu wa mvua. Kukatika kwa sekunde mbili kunatosha kuiangusha.

UPS ndogo ya VA 650 huwa na betri ya volti 12 na Ah 7, yaani wati-saa 84 kwenye karatasi. Betri ndogo ikikamuliwa haraka haitoi zote. Kwa kompyuta ya mezani inayokula wati 100, tegemea robo saa hivi betri ikiwa mpya, na pungufu kila mwaka. Robo saa haitoshi kuuzia, ila inatosha kuzimia vizuri, na kazi ya UPS ni hiyo. Hapa ndipo wengi wanapopoteza hela: wananunua UPS, wanaacha kwenye boksi ule waya wa USB wa kuiunganisha na kompyuta. Bila waya huo na programu yake (apcupsd na NUT ni za bure), kompyuta haijui kwamba umeme umekatika. Usiku ukikatika saa tisa, betri inaisha, seva inaanguka vilevile. Umechelewesha ajali kwa dakika kumi na tano.

Ukienda dukani, ziko aina mbili zinazofanana kwa sura. Ya bei ya chini hukaa kimya mpaka umeme ukatike. Ya pili, inayoitwa line-interactive, ina stabilaiza ndani: umeme ukishuka inaupandisha bila kugusa betri. Kama balbu zako hufifia jioni, ya kwanza itaikimbilia betri kila siku na kuiua mapema. Tenga Sh 120,000 hadi 150,000 kwa ya kwanza, Sh 180,000 hadi 250,000 kwa ya pili. Kwa Nyamiaga, lipia tofauti hiyo.

Inverta na betri ya Ah 100 ni habari nyingine. Betri hiyo ina wati-saa 1,200. Kwa ya risasi tumia nusu tu ili idumu, utoe na kinachopotea ndani ya inverta, unabaki na kama 500. Kwa wati 100 ni saa tano za kuuza huku jirani amefunga. Inakwenda laki saba au zaidi ikiwa imefungwa vizuri. Inalipa kwa anayepoteza wateja gizani. Kwa anayetaka tu data isiharibike, ni hela nyingi kwa kazi ya UPS.

Chaguo la tatu halipewi heshima yake: laptopu. Betri yake ndiyo UPS, na huzima kwa utaratibu yenyewe. Isitoshe, angalia Luku. Kwa bei ya matumizi ya kawaida, uniti moja ni Sh 292 kabla ya kodi na tozo, kama Sh 356 zikiongezwa. Mashine inayowaka saa 24 kwa siku 30 inakula hivi:

– Laptopu ya wati 20: uniti 14.4, karibu Sh 5,100 kwa mwezi.
– Kompyuta ya mezani ya wati 80: uniti 57.6, karibu Sh 20,500.
– Seva kubwa ya mnara ya wati 150: uniti 108, karibu Sh 38,400.

Tofauti kati ya ya kwanza na ya tatu ni karibu laki nne kwa mwaka. Ile seva ya mtumba uliyouziwa kwa "bei ya kutupa" inaendelea kukutoza kila mwezi kupitia Luku.

MASHINE: KUBWA AU INAYOPATIKANA?

Seva ya kweli ina sifa zake: RAM inayosahihisha makosa, nafasi za diski nyingi, wakati mwingine pawasaplai mbili. Ofisi yenye watumiaji hamsini inaihitaji. Duka lenye kompyuta tatu za mauzo haliihitaji, na lina sababu ya kuiogopa: pawasaplai yake mara nyingi haiingiliani na za kompyuta za kawaida. Ikiungua, unasubiri kipuri kutoka Kariakoo. Pawasaplai ya kompyuta ya mezani fundi wa Ngara mjini anaweza kuichomoa kwenye mashine nyingine akaifunga kabla ya chakula cha mchana. Kwa kipimo chetu cha siku za kulala, mashine ya kawaida inaishinda yenye sifa.

Hela utakayookoa, iweke kwenye diski. Diski ya SSD ina kasi kuliko ya kuzunguka na haiogopi mtikisiko. Lakini SSD za bei ya chini hazina kinga ya umeme kukatika: zinaweza kuiambia kanzidata "nimeandika" wakati maandishi bado yako njiani. Ndiyo maana SSD bila UPS ni nusu ya kinga. Diski mbili zinazoandika kwa pamoja, kila moja kioo cha mwenzake, zitakuvusha siku moja ikifa. Hazitakuvusha kijana akifuta mauzo kwa bahati mbaya, kwa sababu zote mbili zitafuta kwa uaminifu uleule.

Kabla ya kubadilisha mashine, kama kanzidata yako ni MySQL, muulize fundi swali moja zaidi: meza za data zimehifadhiwa kwa mtindo wa InnoDB au MyISAM? Programu za zamani zilijengwa juu ya MyISAM, ambayo kila umeme ukikatika inaweza kuacha meza zikihitaji kukarabatiwa kwa mkono. InnoDB, ambayo tangu MySQL 5.5 ya mwaka 2010 ndiyo chaguo la kawaida, hujiponya ikiwaka. Kuhama ni bure, baada ya kunakili data na kumuuliza aliyetengeneza programu.

KUKODI SEVA MTANDAONI

Wako watakaokwambia: achana na mashine, kodi mtandaoni. Hesabu inavutia. DigitalOcean, kwa mfano, hukodisha seva ndogo yenye RAM ya GB 1 kwa dola 6 kwa mwezi. Ukikadiria dola kwa Sh 2,500 ni Sh 15,000, au Sh 180,000 kwa mwaka. Kanzidata wanayokutunzia wao wenyewe, pamoja na nakala za kila siku, huanzia dola 15: Sh 37,500 kwa mwezi, Sh 450,000 kwa mwaka. Hakuna radi, hakuna Luku, hakuna kipuri cha kusubiri. Pia hakuna mwizi atakayeibeba usiku.

Ongeza sasa yasiyoandikwa kwenye bei. Unahitaji bando au laini ya intaneti isiyolegalega, na kadi ya benki yenye salio, maana ukichelewa kulipa seva inafungwa. Kisha kumbuka Mei 12, 2024, pale nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikadorora Tanzania na nchi jirani. Kumbuka pia Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilipozimika nchini kwa siku kadhaa. Duka ambalo mauzo yake yote yako mtandaoni lilikuwa na seva nzima, salama, isiyofikika.

Famasi na zahanati zina jambo la ziada. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwenye Tume iliyoundwa na sheria hiyo, na kusafirisha taarifa hizo nje ya nchi kuna masharti yake. Kumbukumbu za wagonjwa si orodha ya saruji.

Kwa hiyo, kwa biashara yenye tawi moja, kanzidata ikae dukani na nakala yake ndiyo isafiri. Mwenye matawi mawili, tuseme Nyamiaga na Kabanga, yanayohitaji kuona stoo moja kwa wakati mmoja, huyo ana sababu ya kukodi, mradi awe na laini mbili za mitandao tofauti.

BEKAPU NA FUNDI

Nakala ndiyo bidhaa ya bei ndogo kuliko zote katika makala haya. Kanzidata ya duka ikibanwa mara nyingi huingia kwenye flashi ya GB 32. Nunua mbili: moja ilale dukani, nyingine uende nayo nyumbani, uzibadilishe kila siku. Nakala ya tatu, ikiwa imefungwa kwa nywila, iende kwenye Google Drive, ambayo hutoa GB 15 bure. Flashi iliyochomekwa kwenye seva usiku kucha si nakala. Radi ikipiga, au kirusi kikiingia, vinakwenda vyote.

Lakini nakala isiyojaribiwa ni matumaini tu. Januari 31, 2017, kampuni ya programu ya GitLab, yenye wataalamu wa kutosha, ilimpata mhandisi wake amefuta data kwenye seva isiyo yenyewe. Walipogeukia nakala, njia zao tano zilikuwa hazifanyi kazi au hazikuwahi kuwekwa sawasawa. Iliyowaokoa ni nakala iliyotengenezwa saa sita kabla, tena kwa bahati, na data ya saa hizo sita ikapotea. Duka la Nyamiaga lisitegemee bahati ya namna hiyo.

Jaribio la nakala ndilo litakalokusaidia kumchagua fundi. Anayelipwa kila akija hana haraka ya kuzuia ajali. Wa mkataba wa mwezi anayo. Fundi wa mbali anayeingia kwa AnyDesk ni nafuu na ni wa haraka mashine ikiwaka, lakini mashine isiyowaka hawezi kuigusa. Mpango mzuri ni kuwa na wawili: kijana wa karibu anayejua kufungua kasha na kubadilisha diski, na mjuzi wa kanzidata kwa simu. Kabla ya kumlipa yeyote kati yao, mwambie achukue flashi ya jana, airudishe data kwenye kompyuta nyingine mbele ya macho yako, na akuonyeshe risiti ya mwisho ya jana. Akishindwa, umeokoa hela ya mkataba.

BAJETI TATU

Laki tatu: UPS ya line-interactive na waya wake wa USB, flashi mbili, na nusu siku ya fundi kusoma logi, kupunguza kinachojaa na kupanga nakala ya kila usiku. Kwa maduka mengi, hapa ndipo pa kuanzia na huenda ndipo pa kuishia.

Laki nane: hamishia kanzidata kwenye laptopu ya mtumba yenye betri nzima na SSD mpya, pamoja na diski ya nje ya TB 1. Kompyuta ya zamani usiiuze. Iweke na programu zote tayari, iwe ya akiba. Kumbuka kuizuia laptopu kulala kifuniko kikifungwa.

Milioni mbili: kompyuta ya mezani yenye SSD mbili za kioo, UPS kubwa, laptopu ya akiba na diski moja mpya ndani ya droo. Diski ile ya droo, ambayo haifanyi kazi yoyote, ndiyo inayonunua ile safari ya Mwanza mapema, siku ambayo huna haraka.

Ukimaliza, chukua kipande cha karatasi na gundi. Juu ya mashine bandika tarehe ya mara ya mwisho nakala iliporudishwa ikafanya kazi, pamoja na dakika zilizotumika. Geuza muda huo uwe sehemu ya siku ya kazi, kisha uzidishe kwa ile faida ya siku uliyoandika mwanzoni: hiyo ndiyo bei halisi ya seva yako ikilala. Karatasi ikipita mwezi bila tarehe mpya, usimpigie fundi kuuliza bei ya seva. Mpigie aje na flashi.